Shamba la Bondeni Halioti Pamba

Bugwema, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Nyangeta,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona ukimaliza bakuli mbili za uji, na mgonjwa hali hivyo. Sikuandikii pia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kutoazima watu nguo. Hayo shangazi yako wa Kiriba, uliyekwenda kumuaga, atakueleza mpaka masikio yachoke, na utarudi na furushi la dagaa juu yake. Mimi nimetumia nafasi hii ya wewe kutokuwepo nikae mezani na kalamu. Jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalia, nawe utaanza kunibembeleza, na hatutafika popote.

Nataka kulijibu swali lako la jana.

Tulikuwa tunakula. Baba yako alikuwa anakupongeza tena kwa kupangiwa kufundisha Historia huko Lindi, ukaliweka tonge chini. Ukasema, "Mama, nikifika namwomba mkuu wa shule anipe Jiografia tupu. Historia sifundishi." Baba yako akadhani unatania. Ukaendelea: "Watoto wa kule mababu zao walipigana Maji Maji. Walikufa. Sasa mimi mtu wa Bugwema nisimame mbele yao niwaambie nini? Sisi huku tulifanya nini? Tulikaa tu tukisubiri Baba wa Taifa azaliwe Mwitongo atukomboe."

Baba yako akacheka, akasema Jiografia nayo ni somo zuri. Mimi nikainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilikuwa nakimbia, mwanangu. Nimekuwa nikilikimbia swali hilo tangu hujaanza shule.

Najua ni mimi niliyekuchosha na Historia. Ulipokuwa darasa la sita nilikufundisha mwenyewe, unakumbuka? Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa MANENO MUHIMU, na chini yake nikapanga: ukoloni, kodi ya kichwa, kazi ya shuruti, upinzani, mgomo baridi, kujitawala, uhuru. Halafu naita kwa fimbo mkononi, "Mgomo baridi ni nini?" na darasa zima linapiga kelele, "Mgomo baridi ni kukataa amri ya mkoloni bila kutumia silaha!" Ulikuwa ukija nyumbani unawahubiria kuku maneno hayohayo. Mtihani ulipata alama zote, na mimi nikajiona mwalimu hodari. Siku moja msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, bibi yangu anasemaga hata wao walikataa..." Nikamkatiza. Nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Akakaa, na hakunyoosha mkono tena mwaka ule wote.

Ningekuwa sijui kitu, ningejisamehe. Lakini nilijua. Mgomo baridi niliouandika ubaoni niliufahamu kwa jina la mtu, na sufuria, na shamba. Nilifuta ubao nikarudi nyumbani nikapita palepale kando ya shamba lenyewe.

Ni lile la bondeni. Hadithi yake wewe unaijua, ila unayoijua ni ile ya babu yako: kwamba ardhi ile ilikuwa mbovu tangu enzi za Mzungu, haioti pamba wala boga, mpaka padre alipokuja kubariki mashamba, akainyunyizia maji ya baraka, na msimu uleule pamba ikasimama. Babu anaisimulia kwa kila mgeni. Kila mavuno anapeleka mtama parokiani kushukuru. Nawe ukiwa mdogo ulikuwa unaisimulia vizuri kuliko yeye, unamwigiza mpaka padre.

Padre alikuja kweli. Ila pamba ilikuwa imeshaota wiki mbili kabla yake.

Nakuanzia mbali kidogo. Mimi nilikuja hapa kama bibi harusi kutoka Bunda mjini, mtoto wa fundi cherehani, na cheti changu cha ualimu bado kinanukia wino. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi yangu niliikata siku ya kwanza. Niliona wakwe zangu wanagombania vishamba vya juu, huko kwenye mawe. Babu yako na mdogo wake walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka ambao hata mbuzi asingeuona. Na huku bondeni, karibu na kijito, udongo mweusi umelala, eneo zima linaliwa na ng'ombe.

Nikamuuliza baba mkwe, "Baba, kwa nini pale hatulimi?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Mama, pale hapaotagi pamba. Hapaotagi kitu. Bwana Shamba mwenyewe, Mzungu, alichimba, akatia udongo kwenye vifuko akaenda nao Musoma kuupima. Akaandika kwamba haufai. Sasa wewe umeshinda Mzungu?"

Nikamwambia anipe mimi. Akacheka, akasema chukua lote.

Nilikodi maksai wa jirani, nikalima, nikapanda pamba. Ikaota, Nyangeta. Iliota kwa fujo, kama iliyokuwa imefungiwa ndani. Watu walikuwa wanasimama njiani kuangalia. Na mimi, badala ya kushukuru na kunyamaza, nikaenda kisimani na ndoo yangu nikasema mbele ya wanawake wote, "Kumbe ardhi haikuwa mbovu. Mibovu ni mikono." Wakacheka kwa adabu. Nilirudi nyumbani nikijipenda sana.

Maneno yale yalimfikia bibi yako mkubwa, mama yake babu, yule uliyepewa jina lake. Alikuwa anakaa kwenye kile kijumba cha nyuma, macho yameshaingia ukungu, hatoki ila kwenda kanisani. Siku ya pili yake, mchana wa jua kali, nikashuka shambani kupalilia nikamkuta ameinama katikati ya pamba yangu. Fimbo ameitupa. Alikuwa anang'oa miche. Anashika mmoja, anavuta, anatupa, anapapasa mwingine. Alikuwa ameshamaliza karibu nusu ya mstari.

Nilipiga ukelele. Nikamshika mikono. Alikuwa na nguvu ajabu.

"Ng'oa," akaniambia. "Nawe ng'oa upande ule. Ng'oa kabla hajaiona."

"Nani, bibi?"

"Bwana Shamba."

Nikajua sasa uzee umempata. Nikamwambia taratibu, kama nilivyofundishwa kusema na watoto, "Bibi, Wazungu walishaondoka zamani. Tuna uhuru."

Akanikasirikia. "Uhuru naujua, usinifundishe. Nilikuwaga Musoma siku ile, nilicheza ngoma mpaka kandambili ikakatika. Uhuru ulikuja wa nchi. Kesi ya shamba hili nani alikuja kuifuta?"

Nilikaa chini kwenye udongo. Naye akakaa, miguu ameinyoosha kwenye mfereji wa mstari, akaanza kunieleza. Nakuandikia alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

"Mbegu zilikuwaga zinaletwa na mwanangwa, yule mkubwa wa kijiji wa wakati wao. Kila nyumba inapewa, na kamba ya kunyooshea mistari. Usipopanda, mume wako anakwenda kuponda mawe ya barabara, na viboko juu. Ukipanda, palizi ya pamba inaangukia wakati mmoja na palizi ya mtama. Mikono ni hiihii miwili. Na pamba hailiwi. Mwaka ule tulizika watoto. Siyo kwa ugonjwa. Kwa njaa, na pamba imejaa stoo."

"Basi tukaongea kisimani, sisi wanawake. Wanaume hatukuwaambia, mwanaume akinywa pombe anasema. Tungekataa wazi, wangechukua waume zetu. Tungeharibu mbegu wote, wangejua. Tukagawana. Nyumba za bondeni tuchemshe mbegu. Nyumba za juu wapande kweli, ili Mzungu aone watu watiifu. Sisi ambao pamba itakataa kutuotea, tutabaki na mikono ya kulima mtama kule mlimani, na mtama huo tutakula na wao. Ndivyo tulivyofanya. Hakuna nyumba ya juu iliyolala njaa tena."

Nikamuuliza walichemshaje bila watu kujua. Akacheka, meno yake yaliyobaki yote nikayaona.

"Moto si uko jikoni kila siku? Unainjika maji kama ya ugali. Watoto unawatuma kuni za mbali. Mbegu zinaiva, unazianika nyuma ya jabali mpaka zinarudi kama zilivyokuwa. Halafu unapanda mbele yake, mstari umenyooka kama uzi. Mimi alinisifuga! Alimwambia mkalimani aniambie kwamba mimi ndiye mkulima bora wa kijiji. Halafu anarudi baada ya mvua, hakuna kitu. Msimu wa pili hakuna kitu. Akachimba udongo wake akaondoka nao. Akatuandika kwamba tusisumbuliwe, ardhi yetu ina ugonjwa."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilikuwa nimeishi na yule bibi miezi yote ile nikimpelekea uji, nikidhani ninamhudumia mzee asiyejua A wala B ya mambo ya nchi. Nilimuuliza kama walikuwa na jina la kitu kile walichofanya. Akashangaa. Akasema, "Jina la nini? Ukikipa jina, mtu atakiita."

Lakini nisikufanye uone kama ni hadithi ya ushindi mtupu, maana hata yeye hakuisimulia hivyo. Baada ya hapo walijifunga. Udongo ukishaandikwa mgonjwa, hauwezi kuotesha hata boga. Boga likionekana pale, kesi imeanza upya. Kwa hiyo shamba bora kuliko yote waliliachia nyasi, mwaka baada ya mwaka, na watoto wao wakakua wakiambiwa halioti. Kuambiwa ukweli hawakuambiwa, kwa sababu mtoto hubeba maneno. Watoto wakawa wazee, wakawaambia watoto wao. Bendera ikashuka, nyingine ikapanda, na ndugu wawili wakaendelea kununiana kwa ajili ya mawe ya juu huku chakula chao kiko chini ya kwato za ng'ombe. Siku ile nilihesabu moyoni ndoa, ada za shule, mabati, vitu vyote ambavyo shamba lile lingeleta. Nikamkasirikia. Nikamwambia, "Bibi, lakini angalau mwanao ungemwambia!"

Hapo ndipo alipolia. Sikuwa nimemwona akilia, wala sikumwona tena.

Aliniambia kwamba mara ya mwisho Bwana Shamba alipokuja, mkalimani alikuwa mtu wa huku, mjanja, alishashtuka. Akamchukua babu yako pembeni. Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama tu. Akamuuliza, "Mama yako alifanya nini na zile mbegu?" Na babu yako akajibu kwa uso mweupe, "Alizipanda. Nilimwona. Na mimi nilifukia." Ilikuwa kweli yake yote. Mkalimani akamtazama machoni asione uongo, akawaambia wenzake waondoke.

"Alituokoa kwa sababu hajui," bibi akaniambia. "Nilimtanguliza mtoto wangu mbele kama ngao na yeye hana habari. Sasa nimwambie nini? Nimwambie nilimtumia? Usimwambie, mama. Mimi nikiwa hai usimwambie."

Nikamwahidi. Tukaishindilia tena ile miche iliyokuwa haijanyauka, yeye anapapasa, mimi nafukia. Baadhi ilipona.

Wakati wa kuchuma nilimshika mkono nikamleta. Pamba ilikuwa imepasuka shamba zima. Alijaza viganja, akaibonyeza, akaipeleka shavuni. Nilitegemea maneno makubwa. Akasema tu, "Ya kwetu laini kuliko ya wale wa juu." Aliyasema kwa majivuno ya mkulima, mtu aliyesubiri maisha yake yote aone kama shamba lake ni zuri kweli. Akaomba ya kujazia mto. Aliulalia mto ule mpaka alipofariki, na wewe ulikuwa unaupanda kama ngazi kufikia dirisha.

Ndicho tulichofanya sisi wa huku, Nyangeta. Si chote, ni kile kilichonifikia mimi tu, kwa sababu ya mdomo wangu mrefu kisimani.

Usiende nacho Lindi kama mtu anayepeleka ng'ombe wake kulinganisha pembe. Mababu wa wale watoto walikabili bunduki. Bibi yako alikabili mvuke wa sufuria. Sitaki uwaambie ni sawasawa, wala yeye asingetaka. Lakini nakuomba usiwaambie tena kwamba sisi tulikaa tu. Na nadhani, sina uhakika, ila nadhani, hata huko kuna nyumba ambazo hazikushika mkuki na zilifanya jambo. Kuna bibi aliyeficha mtu ghalani, au aliyesema hajui njia na huku anaijua. Na kuna jambo ambalo watu walililipia mno kiasi kwamba wakaamua watoto wasilijue. Mjukuu wa bibi huyo atakuwa amekaa darasani kwako, dawati la mbele, hajui kama anacho cha kusema. Mwalimu wa Jiografia atamuuliza mvua inanyesha mwezi gani. Wa Historia anaweza kumuuliza, "Kwenu nyumbani wanasemaje?" halafu anyamaze asikilize. Mimi sikuuliza hata mara moja katika ualimu wangu wote. Niliogopa watoto wataniuliza na mimi.

Maneno yale ya ubaoni si mabaya, usiyachukie kwa ajili ya fimbo yangu. Kodi, shuruti, mgomo, uhuru, yote ni ya kweli. Kosa langu lilikuwa kuwapa watoto majibu yake, yakabaki hewani hayana mlango wa kuingilia nyumbani kwa mtu. Wewe una sauti nzuri, una subira ambayo sijui uliirithi kwa nani, na jana uliuliza mezani swali ambalo katika nyumba hii hakuna mtoto aliyewahi kuliuliza. Watu wa ukoo huu waliambiwa udongo ni mbovu wakakubali kwa heshima. Wewe, hata uliposema hivyo mezani, moyo wako ulikataa kukubali kwamba sisi ni watu wa kukaa tu. Ndiyo maana ilikuuma. Mtu asiyejali haumii hivyo, na tonge haliweki chini.

Ukifika ukaona bado huwezi, chukua Jiografia, fundisha mito na milima kwa raha zako. Sitanuna. Nitakupenda vilevile na nitakuletea karanga.

Ila kuna jambo langu limebaki, na nimeliamua nikiwa nakuandikia. Ahadi yangu ilikuwa ya bibi akiwa hai. Tangu tumzike, ukimya umekuwa wangu mwenyewe, na nimeuita heshima wakati ni woga. Babu yako amekuwa mzee sana. Juzi nilimsikia akimwambia katekista kwamba jambo moja tu maishani hajalielewa: kwa nini Mungu aliiponya ardhi akiwa ameshazeeka na ugomvi na ndugu yake umeshaota mizizi. Anauliza, Nyangeta. Naye anauliza, na mwenye jibu ndiye anayempelekea chai kila asubuhi.

Naogopa. Naweza kumnyang'anya muujiza wake. Anaweza kukaa siku nzima akimkumbuka yule mtoto wa ndama na kuona alitumiwa. Lakini anaweza pia kujua kwamba mama yake alikuwa nani, na kwamba kwa ukweli wake yeye, akiwa mdogo vile, aliwaokoa wanawake wote wa bondeni. Nadhani mtu anastahili kujua hilo kabla hajafa.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Kesho nitakusindikiza stendi ya Bunda, nitakupungia mkono mpaka basi lipotee, halafu nitarudi nyumbani. Siku utakayoingia darasani mara ya kwanza, nitumie ujumbe kwamba unaingia. Saa hiyohiyo na mimi nitavuta kigoda nikae mbele ya babu yako, nimwambie kwamba ardhi yake haijawahi kuugua hata siku moja.

Tutaona ni nani kati yetu atakayetetemeka zaidi.

Mama yako